Hodi, Mlango wa Tatu

Waya una urefu wa mita kumi na moja, nimeuunga mara mbili kwa utepe mweusi,
unatoka dirisha la jikoni hadi mstari wa saba wa mizabibu,
na mwisho wake kuna kijiti kimechomekwa udongoni
kama kipimajoto kwapani mwa mtoto.

Kompyuta imevunjika bawaba, naiegemeza kwenye debe la unga.
Napiga hodi mlango wa tatu.
Kimya.
Napiga tena. Naambiwa mlango umeshikwa:
programu ya jana imelala humo ndani na funguo.
Naiua. Samahani. Naingia.

Kwanza yanatoka matusi: viboksi, alama za kuuliza,
herufi zisizo za Kigogo wala za Kiswahili.
Kijiti kinaongea kasi ya dalali wa mnada wa Msalato,
nami nasikiliza kwa mwendo wa katibu wa kanisa asomapo matangazo.
Napandisha kasi: laki moja na kumi na tano elfu na mia mbili,
bei ya beberu wa kiangazi.
Hapo tukaelewana.

Namba ya kwanza huwa siiamini.
Umeingia katikati ya sentensi, umekuta "12",
na mbele yake kulikuwa na sita uliyochelewa kuisikia,
kama anayefika msibani akakuta watu wanasema "…ndipo akaanguka."
Naitupa. Kisha zinakuja zenyewe, kila sekunde moja:

612
613
612
615

Mia nane ni hewa tupu, mia tatu ni tope.
Nilipima mwenyewe, kijiti mkononi, halafu ndani ya bilauri.
Mia sita ni kiu ya kuvumilika.

Mchoro nao una uongo wake.
Ukiuacha ujipimie kimo, tofauti ya namba mbili
inasimama mbele yako kama kilima cha Mlimwa.
Nikauwekea mipaka, chini mia mbili, juu mia tisa,
kilima kikalala.

Zamu yetu ya maji Hombolo ni Alhamisi.
Kaka Chedego anataka kujua kama dizeli inaweza kusubiri.
"Nipe namba tu," anasema.
Namba gani, Chedego? Hii ni foleni.

Juzi, saa nane na dakika kumi za usiku, mstari uliporomoka.
588. 470. 341.
Septemba hii, mvua ya nani?
Jana, saa nane na dakika kumi na mbili, tena.
Nikashuku waya. Nikashuku koki ya jirani, Mlugu.
Nikamshuku Mlugu mwenyewe, Mungu anisamehe,
hadi mchicha wake nikauona umenenepa kwa wizi.

Leo sikulala. Skrini nimeifunika kanga, nachungulia pindoni.
614. 614. 613.
Komeo la mlango wa nyuma likalia.

Mama. Kandambili, ndoo ya maji ya kuoshea vyombo.
Akahesabu mistari kwa kidole, akainama kwenye wa saba,
akakinywesha kijiti, taratibu,
kama anayemwogopea asipaliwe.

502. 377.
Mchoro wangu huchelewa sekunde mbili:
alikuwa ameshanyoosha mgongo,
na kwenye skrini bado anamimina.

"Mama!"
Hakushtuka.
"Huo mstari ukishuka unatabasamu," akasema.
"Wiki nzima haukushuka."

Akaja akakaa juu ya ndoo, akauliza yeye yuko wapi hapo.
Nikamwonyesha genge.
Akaliangalia.
"Nimeteremka vibaya," akasema, akacheka, akaenda kulala.

Asubuhi Chedego atataka jibu, nami nina siku tatu
za mzabibu mmoja uliokunywa maji ya masufuria.
Ningeweza kuzifuta.
Safu ya nne, pale ninapoandikaga "sawa" au "waya umelegea",
nimeandika: mama.

349.
350.
350.
352.